Uuachie Mwili Njia: Maelekezo ya Mama wa Choo cha Mjini

Dirisha langu halizidi upana wa sahani mbili. Hapo ndipo ninapopokea shilingi 10, nikatoa karatasi iliyokunjwa, nikasema karibu. Nafungua saa kumi na moja unusu alfajiri, magari ya kwanza ya Eastlands yakishusha watu, nafunga saa mbili usiku. Ni choo cha kulipia upande wa barabara ya Ronald Ngala, hapa Nairobi, na huu ni mwaka wangu wa tisa hapa. Ukikaa mlangoni pa choo muda wote huo, unajua nani huja mara nne kwa siku, na nani huuza nguo hatua ishirini kutoka kwako toka asubuhi mpaka jioni usimwone hata mara moja.

Hao nisiowaona ndio ninaowaandikia, jinsi ya kuuachia mwili utoe taka zake wenyewe.

Mama mmoja muuza matunda aliniambia wazi: "Mimi nikitoka nyumbani sinywi kitu mpaka nirudi. Nikinywa nitakuja kwako, na nikija kwako nani ataniangalizia mali? Halafu shilingi kumi mara nne ni arobaini." Hesabu yake ni sahihi, arobaini hiyo ni mboga ya jioni. Lakini jioni hiyo hiyo mwanamke huyu huyu alinunua kwa kijana mwenye spika chupa ya dawa ya kijani ya "kusafisha figo na kutoa sumu mwilini", na akalipa mara kumi ya hizo pesa za choo. Hapo niliumia moyo, kwa sababu njia hiyo naijua. Nyumbani kwangu ilipita.

Mume wangu aliendesha matatu miaka 22. Akiwa kazini hakunywa maji, kwa sababu ile ile: gari likishapata foleni yake stegi, dereva hashuki. Mgongo ukimuuma alimeza diklofenaki ya kununua dukani, asubuhi na jioni, miezi ikapita. Presha aliambiwa anayo. Akanywa dawa mwezi mmoja, akajisikia mzima, akaacha. Hakuumwa na figo hata siku moja. Figo zikifa polepole haziumi, na huo ndio ubaya wake. Alipoanza kuvimba miguu na kutapika kila asubuhi, zilikuwa zimebaki kidogo mno. Kwa miaka mitatu nilimpeleka kusafishwa damu kwa mashine, mara mbili kila wiki, saa nne kila mara, mpaka Mungu alipomchukua. Daktari alitaja presha kwanza na dawa za maumivu pili. Kile kiu cha miaka 22 alikitaja mwisho, akasema hakikusaidia.

Kwenye benchi la chumba kile ndipo nilipojifunza mengi ya haya. Binti yangu sasa ni tabibu katika kituo cha afya, na kila ninachokwambia hapa amekipitia kwanza.

Mitungi tisa

Muuguzi mmoja aliniuliza kama nyumbani tunanunua maji ya mkokoteni. Nikasema ndiyo, mgao ukikosa. Akaniambia: "Basi ipange mitungi tisa ya lita 20 mbele ya macho yako." Hizo ni lita 180, na ndicho kiasi ambacho figo mbili zenye afya huchuja kutoka kwenye damu kwa siku moja. Damu yote ya mtu mzima ni kama lita 5 tu, kwa hiyo maji yale yale hupita hapo tena na tena. Karibu yote hurudishwa mwilini. Lita moja na nusu hivi ndiyo hutoka kama mkojo, ikiwa imebeba taka iitwayo urea, chumvi iliyozidi na mabaki ya dawa ulizomeza. Kila figo haizidi ukubwa wa ngumi yako.

Mashine ya mzee wangu, kubwa kama kabati, ilihangaika saa nne na bado alirudi nyumbani amechoka hoi, na katikati ya siku hizo mbili taka zilikuwa zinajaa tena. Tangu hapo, mtu akiniambia anatafuta kitu cha kusafisha figo, namwambia figo ndizo zinazosafisha. Ini ni hivyo hivyo, utumbo hivyo hivyo, mapafu hivyo hivyo. Kazi yako wewe ni kuviachia njia na kutovitwika mzigo usio wake. Na kwa mji huu, njia huanzia pahali ambapo watu hawapafikirii: kujua utaenda haja wapi.

Panga choo kwanza, ndipo upange maji

Watu wengi huambiwa "kunywa maji mengi" na hawanywi. Si wakaidi, hawana choo. Kwa hiyo anzia huko. Kabla ya kesho, jua vyoo viwili: kimoja karibu na unapofanyia kazi, kingine karibu na unaposhukia gari. Kama unauza barabarani, ongea na anayekisimamia. Kwangu mimi, wanaofanya kazi jirani hulipa mara moja asubuhi na kuingia siku nzima, na wenzangu kadhaa wanakubali hivyo ukiwaomba vizuri. Ongea pia na jirani wa meza ya pili mwangaliziane mali kwa dakika tano. Mama wa matunda sasa anafanya hivyo na muuza soksi.

Ukishakuwa na choo, maji yanapangika. Amka, kunywa glasi mbili ukiwa bado nyumbani, saa moja hivi kabla ya kutoka, ili mkojo wake uutoe kwenu. Barabara ya Jogoo asubuhi inaweza kukula saa moja na nusu, na hakuna mateso kama kibofu kilichojaa gari likiwa halisogei. Nenda haja dakika ya mwisho kabla ya kupanda gari hata kama hujisikii sana. Ukifika, kunywa tena. Beba chupa, na uinywe kidogo kidogo mpaka saa tisa au kumi. Saa moja kabla ya safari ya kurudi punguza, nenda haja, panda gari. Usiku malizia kwa kiasi, la sivyo utaamka amka.

Kiasi gani? Mtu mzima asiyefanya kazi ya sulubu, hapa Nairobi, lita moja na nusu hadi mbili za vinywaji kwa siku humtosha, na chai, uji na supu zimo kwenye hesabu. Anayevuta mkokoteni au kubeba magunia soko la Muthurwa anahitaji zaidi, na mama anayenyonyesha vile vile. Lakini kipimo kizuri kuliko glasi ni rangi. Mkojo ukiwa kama maji ya ndimu, uko sawa. Ukiwa kama chai ya rangi na harufu kali, umechelewa kunywa. Dawa za kifua kikuu huufanya uwe wa rangi ya chungwa, na vidonge vya vitamini huufanya wa manjano ya kuwaka, hizo usizihesabu. Damu ihesabu, hata ikitoka mara moja tu na bila maumivu. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Usingoje kiu. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, hewa yake ni kavu na miezi ya Juni na Julai ni baridi. Mtu wa Mombasa hutoka jasho akakumbuka maji. Sisi tunayapoteza kwa pumzi bila kuona, tukivaa makoti.

Wala usikimbilie upande wa pili ukanywa lita nne kwa mkupuo kwa sababu umeona mtu kwenye simu akifanya hivyo. Maji mengi mno kwa muda mfupi hupunguza chumvi ya damu hadi mtu akachanganyikiwa na kuanguka.

Maji yenyewe yawe safi. Yakishabubujika sawasawa sufuria nzima, dakika moja inatosha kwa urefu wa mji wetu. Yafunike, yapoe, yahifadhi kwenye chombo chenye mdomo mwembamba. Dawa ya klorini nayo inafaa ukifuata kipimo kilichoandikwa. Jambo moja ambalo wapangaji hawaambiwi: visima vingi vya kuchimbwa hapa Nairobi vina floridi nyingi, ile inayowatia watoto madoa ya kahawia kwenye meno, na kuchemsha hakuitoi. Kama ploti yenu inatumia kisima, weka akiba ya maji ya mfereji, yale ya bwawa la Ndakaini, kwa ajili ya kunywa na kupika, na ya kisima uyafulie.

Halafu usibane. Kubana mara moja kwenye foleni ya magari hakukuharibu. Kinachodhuru ni mazoea ya kila siku, kwa sababu mkojo uliotuama unawapa vijidudu nafasi ya kuzaliana, na vikipanda juu hufika kwenye figo. Saa tatu hadi nne zikipita, nenda. Wanawake wenzangu, mrija wetu ni mfupi, hivyo vijidudu havina safari ndefu: jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, kila mara. Na msikae hewani juu ya bakuli kwa kuogopa uchafu. Ukijining'iniza hivyo misuli inakaza, mkojo mwingine unabaki ndani. Chutama kabisa kwenye choo cha shimo, au panguza bakuli ukae, au uniite nilipanguze mimi. Ni kazi yangu na siioni aibu.

Mizigo isiyo ya figo

Hapa nitakaa kidogo.

Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Siku mbili tatu, kwa mtu mzima wa afya aliyekunywa maji, figo huvumilia. Lakini kila siku kwa miezi, na mtu amekauka, na ana presha, ni kuzinyonga polepole. Wenye maduka ya dawa huwauzia madereva, mafundi na wapagazi bila kuuliza lolote. Kama mgongo unakuuma kila siku, kinachohitajika ni kuangalia mgongo. Parasetamoli ni nafuu zaidi kwa figo, ila nayo ina mpaka, maana ini ndilo huibeba: mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na mnywaji wa pombe hata hivyo ni vingi kwake. Angalia pia dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani yake, ukajikuta umemeza mara mbili.

Chai na unga wa "kutoa sumu". Soma pakiti. Mara nyingi utakuta sena, majani ya kuharisha. Unaenda chooni mara tano, tumbo linapungua kwa siku moja, unaamini uchafu umetoka. Kilichotoka ni maji na madini ya potasiamu ambayo moyo unayahitaji. Ukiendelea kwa wiki nyingi utumbo unaweza kuzoea kusukumwa, ukaona huwezi tena kupata choo bila hiyo chai. Watu hao nawajua kwa sura. Huja wakikimbia, wanatoka wamelegea, na wiki ijayo wanarudi wakilalamika kwamba sasa wamefunga choo.

Miti shamba siitukani. Nyanya yangu alinitibu kikohozi kwa mimea na nilipona. Ninachokataa ni chupa isiyo na jina la mmea, wala kipimo, wala mtu wa kumrudia ukidhurika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kule Brussels, Ubelgiji, zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo baada ya kupewa vidonge vya mitishamba vya kupunguza uzito. Ndani yake mlikuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia, sumu ya figo. Wengi wao waliishia kwenye mashine au kupandikizwa figo. Nao walikwenda kliniki wakitafuta afya.

Na krimu. Hili binti yangu alinionyesha, na liliniuma kwa sababu ni letu. Mwaka 1972 madaktari wa hapa hapa Nairobi walichapisha utafiti juu ya watu wazima waliovimba mwili kwa kuwa figo zao zilikuwa zinavujisha protini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakijipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Ngozi huinywa zebaki, damu huipeleka kwenye figo. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, vikopo visivyo na maandishi ya viambato bado vinauzwa mjini. Mwanangu, usinunue kikopo kisichokwambia kilicho ndani.

Chumvi ndiyo mzigo tunaoupenda. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisicho na kilima, na humo imo ya kwenye mkate, soseji, chipsi, mutura na viungo vya pakiti. Chumvi hupandisha presha, na presha hukata mishipa midogo ya figo. Mimi nilianza kwa kuondoa kikopo cha chumvi mezani. Wiki ya kwanza chakula kilikuwa kama karatasi, ya tatu ulimi ulikuwa umezoea. Kachumbari ya ndimu na pilipili hoho ilinisaidia.

Haja kubwa

Foleni yangu ndefu ni kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Nilidhani ni kwa sababu watu wameshuka magari. Binti yangu akanieleza: tumbo likipokea chakula, utumbo mpana nao hupewa ishara ya kusukuma, na asubuhi ishara hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi. Watu wamekunywa chai na ndazi, mwili umeita. Ukiuitikia ndani ya dakika chache, choo hutoka kilaini. Ukiupuuza, ishara inazima, utumbo unaendelea kufyonza maji, na choo kinakuwa kigumu kama kokoto. Fanya hivyo kila siku na mwili utaacha kuita.

Kwa hiyo nusu ya tiba ya kufunga choo ni saa. Kunywa kitu cha moto na ule nyumbani, kisha jipe dakika kumi kabla ya kutoka. Inamaanisha kuamka mapema kidogo. Kwa ploti yenye choo kimoja na milango minane, inamaanisha kuamka kabla ya jirani. Usiingie na simu. Ukizidisha dakika kumi umekaa ukijikamua, mishipa ya puru inavimba, na bawasiri ndiyo hiyo. Choo cha kuchutama tulichodharau ndicho kinachonyoosha njia. Kama kwenu kuna cha kukaa, weka kistuli au ndoo iliyopinduliwa chini ya nyayo, magoti yapande juu ya kiuno, uiname kidogo mbele. Pumua, usijikaze.

Wala si lazima kila siku. Mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki, ikiwa choo ni laini na hakikutesi, ni kawaida.

Nusu ya pili ni chakula. Mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Anayekula mkate mweupe asubuhi, chipsi mchana na ugali wa unga mweupe uliokobolewa usiku hafiki hata nusu. Na suluhisho si ghali, limo kwenye kibanda cha jirani. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyoiva kina gramu 13 hivi, kwa hiyo sahani ya githeri peke yake inakufikisha mbali. Avokado moja ya kiasi ina gramu 10. Ongeza ndengu, viazi vitamu na ganda lake lililooshwa, mapera, chungwa la kutafuna badala ya kukamuliwa, sukuma au managu. Unga usage kinuni bila kukoboa. Loweka maharagwe usiku, mwaga maji yale, pika kwa mapya, gesi itapungua. Ongeza polepole kwa wiki mbili, pamoja na maji; ukijaza nyuzinyuzi tumbo lililozoea mkate bila maji, utafunga zaidi na kuvimba.

Juisi ya mboga mbichi ya kila asubuhi nitaitaja kwa kuwa naulizwa sana. Spinachi na terere zina oksaleti nyingi, ambayo kwenye mkojo hushikana na kalisi na kuwa vijiwe vya figo kwa watu wenye mwelekeo huo. Kusaga fungu zima bibichi kila siku si wazo zuri. Zichemshe kidogo, mwaga maji yake, ndipo ukaange. Sukuma wiki ina oksaleti kidogo.

Vijana wa miraa, nanyi najua mnakwama wapi. Miraa hufunga choo, hukata hamu ya kula na huondoa usingizi, vyote vitatu kwa pamoja. Siwezi kuwaachisha kwa maandishi, lakini angalau kuleni chakula cha nyuzinyuzi kabla, na maji pembeni badala ya soda.

Ukiona choo cheusi kama lami, au damu, au kufunga kumekuja ghafla ukiwa umepita miaka 45, au unakonda bila sababu, acha maelekezo yangu na uende ukaonwe.

Ini na mengine

Ini lina uzito wa kilo moja na nusu hivi na kazi zake ni nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Moja ni hii: chembe nyekundu za damu huishi siku kama 120, zikifa ini huchukua mabaki yake ya manjano na kuyamwaga na nyongo kwenye utumbo. Ndiyo sababu choo huwa cha kahawia. Choo kikiwa cheupe kama udongo wa chokaa, mkojo ukawa mweusi na macho ya manjano, njia hiyo imeziba au ini linaumwa.

Pombe nayo, ini huivunja kwa mwendo wake, na hakuna kahawa wala supu ya kuliharakisha. Lipe siku nyingi kwa wiki bila tone. Chang'aa na vinywaji visivyo na mwenyewe viacheni kabisa. Methanoli, pombe yenye sumu inayoweza kuwa humo, hupofusha na kuua.

Lakini sumu ya ini iliyo jikoni kwetu ni mahindi yaliyooza. Mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kutoka kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Kupika hakuimalizi. Unaponunua mahindi ya githeri au ya kusagisha, yamwage kwenye uteo, ondoa yenye ukungu, yaliyobadilika rangi na yaliyotobolewa. Yakiwa mengi ni mabaya, usiwape hata kuku, mwaga yote. Najua inauma kumwaga chakula. Njugu vile vile: iliyosinyaa na chungu iteme.

Na ulizia chanjo ya homa ya ini aina ya B. Watoto wetu huipata kwenye chanjo zao za kawaida tangu miaka ya 2000, lakini sisi tuliozaliwa kabla hatukupata. Hupimwa kwanza, kisha ukiwa huna ugonjwa unachanjwa.

Jasho sitalisemea sana. Kazi yake ni kupoza mwili, taka inayotoa ni kidogo mno. Kujifunika blanketi juu ya sufuria ya mvuke ili "kutoa sumu" kunakukausha tu. Tembea badala yake. Dakika 30 kwa siku, siku tano za wiki, zinashusha presha na sukari na kuamsha utumbo. Mimi hushuka Muthurwa na kumalizia kwa mguu. Mapafu hutoa hewa chafu kila pumzi, hayadai ila hewa nzuri: jiko la makaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa, hata Julai, hata kwa dakika chache. Gesi yake haina harufu na imeshafuta familia nzima usiku mmoja. Usiku lala saa saba au nane ukiweza. Mkosa usingizi presha yake haishuki inavyopaswa.

Kabla hujaanza

Haya ni ya mtu ambaye figo na moyo wake viko sawa. Kama umeambiwa figo zimepungua nguvu, au moyo umechoka, maji mengi yanaweza kukujaa mapafuni, na avokado, ndizi na maharagwe yanaweza kukupandishia potasiamu hadi moyo usimame. Mzee wangu mwisho alikuwa anapimiwa maji kwa kikombe, na machungwa aliyoyapenda nilikuwa nayaficha. Wewe fuata karatasi ya kliniki yako.

Kama hujui uko upande gani, jua. Ikiwa umepita miaka 40, au una presha, au kisukari, au kwenu kuna aliyeugua figo, kila mwaka omba vitu vinne: presha, sukari, kreatinini ya damu (taka inayoonyesha figo zinachuja vipi) na protini ya mkojo. Presha ikigonga 140 kwa 90 zaidi ya mara moja, anza dawa ukiandikiwa, na usiiache kwa kuwa umejisikia mzima.

Kipimo cha mkojo ndicho watu wanachokiogopa, na ndicho rahisi kuliko vyote. Chukua kikopo cha maabara, usitumie cha mafuta ya kujipaka. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora. Nawa mikono, jioshe kwa maji, acha wa mwanzo uende chooni, kinga wa katikati, wa mwisho uachie. Usiguse ndani ya kikopo. Funga kifuniko, andika jina na saa, ufikishe ndani ya saa moja. Ukibanwa ukiwa mjini na kikopo chako mkononi, pita dirishani kwangu. Wa kikopo simlipishi.